Unajua kuchora na unamaliza chuo... halafu? Soma hii kabla hujaanza kutafuta kazi

Leo naomba tuongelee kitu ambacho vijana wengi wananiuliza: mtu anayejua kuchora anaishije hapa Bongo? Siyo yule anayechora picha za kuuzia watalii, hapana. Nazungumzia anayechora picha za ndani ya kitabu cha watoto, katuni ya gazetini, bango la zahanati, au wahusika wa kipindi cha watoto kwenye TV. Mtaani wote tunawaita wachoraji tu, lakini kazi zao ni tofauti sana, na wengi wanamaliza chuo bila kuijua tofauti hiyo.

Mimi mwenyewe sichori. Nimeishia fomu sikisi na mjini naishi kwa vibarua vya kuandika. Ila mtoto wa mama mkubwa, ambaye namwita Dada, yuko mwaka wa mwisho wa sanaa chuoni. Tangu mwaka jana nimekuwa naye kwenye mihangaiko yote: kuskani michoro, kuandika barua za maombi, kusoma mikataba neno kwa neno. Nyumbani wanamsubiri. Mdogo wake anataka kwenda VETA, na mama mkubwa ameshasema wazi kwamba Dada akimaliza ndiye atakayebeba ada ile. Kwa hiyo kwetu hili siyo suala la kipaji. Ni la hela.

Haya, twende moja moja.

1. UNAUZA NINI HASA?

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Ukichora picha ya ukutani, ya mtindo wa Tingatinga kwa mfano, mnunuzi anaichukua, anaondoka nayo, biashara imeisha. (Tingatinga lilikuwa jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Mtindo umebaki na unawalisha wengi mpaka leo.) Lakini ukichora picha ya kitabu, mchapishaji haitaji ile karatasi yako. Anataka RUHUSA ya kuichapisha picha hiyo mara elfu tatu, elfu kumi, au kuiweka kwenye kalenda.

Kwa hiyo mchoraji wa vitabu anauza ruhusa. Ruhusa ina mipaka: ni ya kitabu gani, lugha gani, toleo la ngapi, nchi zipi, miaka mingapi. Ukilielewa hili, nusu ya mambo yanayofuata utayaelewa bila shida.

2. KAZI ZENYEWE ZIKO WAPI?

Vitabu. Kazi kubwa ya kuandaa vitabu vya kiada vya shule iko kwa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Wachapishaji binafsi kama Mkuki na Nyota, walioanza mwaka 1991, wanatoa hadithi na vitabu vya watoto. Mwaka huo huo wa 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao pamoja na kusaidia vitabu kutoka umefundisha waandishi na wachoraji. Soko siyo kubwa, tusidanganyane, lakini lipo.

Magazeti. Katuni ndiyo shule ya zamani kuliko zote. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, amezaliwa Dar mwaka 1969. Alikuwa anasoma usanifu majengo Ardhi, akaacha, na mwaka 1992 akahamia Nairobi kuchorea gazeti la Nation. Masoud Kipanya naye kamfanya panya wake ajulikane na nchi nzima. Angalia hapo: watu wanamjua PANYA. Mhusika akishajulikana, anaweza kutoka gazetini akaenda kwenye fulana na mahali pengine. Ndiyo maana usimuuze mhusika wako kwa bei ya mchoro mmoja.

Katuni za kwenye TV. Ubongo Kids ilianza kurushwa TBC1 mwaka 2014, inatengenezwa hapa hapa Dar. Kazi kama hii haimtaki mtu mmoja anayejua kila kitu. Yupo anayebuni wahusika, yupo anayechora mandhari nyuma yao, yupo anayepanga matukio picha kwa picha kabla hayajaanza kusogea. Ukijua nafasi yako ni ipi, unaomba kazi ukiwa na jibu.

Mashirika. Hapa watu wanapasahau! Miradi ya afya, kilimo, maji na elimu inahitaji mabango, vijitabu na chati za kufundishia watu ambao wengine hawasomi vizuri. Picha ya jinsi ya kunawa mikono lazima ieleweke bila maneno. Haina sifa mjini, hakuna atakayekupigia makofi, lakini malipo mara nyingi yana utaratibu.

Na usitegemee kwamba chuo kitakuwa kimekufundisha haya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TaSUBa pale Bagamoyo, Makerere kule Uganda, wote wanafundisha sanaa na wametoa watu wazito. Lakini darasani unafundishwa kuchora na kuchonga na historia yake. Kuchora mtoto yule yule kwenye kurasa ishirini bila sura yake kubadilika, hilo wengi wanajifunza wenyewe usiku.

3. POTIFOLIO: MKUSANYIKO WA KAZI ZAKO

Dada alikuwa na michoro zaidi ya sitini kwenye flashi. Mwalimu wake mmoja alimwambia abakize kumi na mbili. Alinuna wiki nzima, halafu akapunguza. Sababu ni rahisi: mhariri anakuhukumu kwa picha yako mbovu kuliko zote, kwa kuwa hajui wewe ukibanwa na muda utampa ipi.

Kwenye hizo kumi na mbili, weka vitu ambavyo mhariri anavitafuta:

- Mhusika mmoja kwenye picha tatu au nne tofauti: anakimbia, analia, yuko kwa mgongo, yuko mbali. Hili ndilo la kwanza!
- Watu wengi pamoja, sokoni au ndani ya daladala.
- Mikono na miguu. Anayeficha mikono ya watu mifukoni anajulikana mara moja.
- Wanyama, angalau wawili.
- Picha moja au mbili za nyeusi na nyeupe, maana vitabu vingi huchapishwa hivyo ili bei ishuke.
- Nafasi ya maneno. Picha ya kitabu iliyojaa mpaka pembeni haina pa kuweka hadithi.

Halafu chora unapopajua. Dumu la maji lenye kizibo cha mfuko, mama ntilie na meza yake, bati lililowekewa mawe lisiruke na upepo, sare za shule zilizopauka. Mtu wa mbali atachora "kijiji cha Afrika". Wewe utachora Kimara.

Unasema huna hadithi ya kuchorea? Ingia kwenye tovuti ya African Storybook. Kuna hadithi nyingi za watoto, za Kiswahili zipo, na zimetolewa kwa leseni huria. Maana yake unaruhusiwa kuzitumia na hata kuzichorea upya, mradi umtaje mwandishi na ufuate masharti yaliyoandikwa kwenye hadithi husika. Dada alichukua moja akaichora yote, kurasa kumi na mbili. Hiyo ndiyo kazi iliyompatia usaili wa kwanza, wala siyo ile picha kubwa ya rangi ya mafuta aliyopatia alama za juu chuoni.

4. FAILI LAKO LISIKUAIBISHE

Hapa ndipo kazi nzuri zinapokufa. Nitafupisha kwa ajili ya wanaolipia dakika.

Picha ya kuchapishwa inatakiwa iwe na nukta 300 kwa kila inchi. Kwa ukurasa wa A4 hiyo ni nukta 2480 kwa 3508. Picha iliyopigwa kwa simu chini ya taa ya manjano haifai. Peleka mchoro kwenye skana, na mwambie jamaa wa cafe aweke 300, maana wengine huiacha 150 ili ifanye haraka.

Kompyuta inaonyesha rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa inatumia wino wa rangi nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Ndiyo maana ile bluu inayowaka kwenye kioo inatoka imepooza kwenye karatasi. Usingoje kitabu kitoke ndipo ushangae. Chapa ukurasa mmoja wa majaribio mapema.

Picha inayofika hadi ukingo wa karatasi iongeze milimita 3 kila upande, kwa sababu kisu cha kukatia hakiendi sawa kila mara. Na kitabu hakina kurasa idadi yoyote unayotaka. Karatasi kubwa hukunjwa, ndiyo maana vitabu vya watoto vinakuwa na kurasa 16, 24 au 32.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, siyo kama picha, la sivyo itabanwa mpaka ipoteze ubora wake. Programu za kulipia siyo lazima: Krita, GIMP na Inkscape zinapatikana bure na kihalali.

5. BEI... HAPA NDIPO PENYE KILIO

Mwezi wa pili Dada alipata simu. Kitabu cha hadithi, picha 24 za rangi, laki tatu taslimu. Alirukaruka chumbani! Jioni tukakaa na daftari.

Laki tatu gawanya kwa 24 unapata 12,500 kwa picha. Picha moja inamchukua siku mbili, ukihesabu rasimu ya penseli, marekebisho na rangi. Maana yake siku 48 za kazi, kila siku 6,250. Toa rangi, karatasi, nauli, kuskani na bando.

Tukapiga hesabu kwa upande mwingine: akitoka hosteli, mwezi mmoja mjini utamgharimu kiasi gani?

- Chumba: 60,000
- Chakula: 150,000
- Nauli: 60,000
- Umeme na bando: 30,000
- Vifaa: 60,000

Jumla 360,000, na hapo hajaugua, hajatuma hata mia nyumbani. Mwezi una siku 30 lakini huwezi kuchora kazi ya kulipwa siku zote. Kuna siku za kutafuta kazi, kufuatilia malipo, kusubiri majibu. Tukaweka siku 18 za kazi. 360,000 kwa 18 ni 20,000 kwa siku. Kwa hiyo picha ya siku mbili ni 40,000, na picha 24 ni 960,000. Aliyoahidiwa haifiki hata theluthi yake.

Namba hizi ni za Dada, usizinakili. Chukua daftari upige zako. Ukishajua siku yako moja inagharimu nini, hutatetemeka mtu akikuuliza "unachaji bei gani?"

Tulikwenda wote kwa mhariri. Mama mmoja mtu mzima, mpole. Dada akamwamkia, akatoa karatasi ya hesabu. Yule mama akaisoma mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, sikatai. Ila bajeti ninayopewa ndiyo hiyo, nikijitahidi sana naweza kuisogeza kidogo."

Dada akamjibu, "Nimekuelewa mama. Basi naomba tupunguze picha badala ya kupunguza ubora. Hadithi hii inaenda na picha 14."

Walibishana kwa heshima karibu saa nzima. Wakafika 35,000 kwa picha, picha 14, jumla 490,000, na jina lake kwenye jalada. Bado iko chini ya hesabu yetu, naye anajua. Lakini alijua ni chini kwa kiasi gani na anapata nini badala yake, yaani kitabu cha kwanza chenye jina lake. Hiyo ni tofauti na kupokea chochote kwa sababu unaogopa simu haitaita tena.

6. MKATABA, HATA WA UKURASA MMOJA

Rasimu ya kwanza ya mkataba wake ilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu picha: kwamba haki zote zinahamia kwa mchapishaji milele. Kumbuka namba 1 hapo juu. Ukisaini hivyo, picha zako zikitumika kwenye toleo la pili, tafsiri, kalenda au katuni ya TV, huna cha kudai.

Aliomba mambo matano, na wewe yaombe:

- Ruhusa iwe ya toleo la kwanza la Kiswahili tu. Matumizi mengine wazungumze upya.
- Malipo kwa awamu. Yeye alipata asilimia 30 mwanzo (147,000), 30 rasimu za penseli zikikubaliwa (147,000), na 40 mwisho (196,000).
- Marekebisho yawe na idadi. Mawili ya bure kwenye penseli. Ukishapaka rangi, kubadilisha kunalipiwa.
- Kazi ikifutwa katikati, hela ya awamu iliyokwisha kufanyika hairudi.
- Jina lake liandikwe kwenye kitabu, na karatasi halisi zirudi kwake.

Manne alikubaliwa. La kurudisha karatasi halisi lilikataliwa, wakabaki nazo wao. Ndivyo mazungumzo yalivyo.

7. SHERIA NA KARATASI ZA SERIKALI

Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya mwaka 1999 inakulinda tangu unapomaliza kuchora, hata kama hujasajili popote. Ulinzi unaendelea maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. COSOTA, ambayo sasa ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, inasajili kazi, na usajili huo unakusaidia kama ushahidi siku ukiibiwa. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria na ofisi yao, COSOZA. Ila kwa aliyeajiriwa angalia vizuri: kazi uliyochora kama sehemu ya ajira huwa mali ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine.

BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, liliundwa kwa sheria Na. 23 ya mwaka 1984, na huko ndiko wasanii wanakosajiliwa. TIN ya TRA inatolewa bure, usimlipe kishoka! Bila TIN mashirika mengi hayatakupa kazi. Na usishtuke ukilipwa pungufu kidogo: kampuni na mashirika hukata asilimia 5 ya malipo ya huduma kama kodi ya zuio. Waombe hati ya makato hayo, itakusaidia ukifika kwenye hesabu za kodi yako.

Halafu kama ulipata mkopo wa bodi, deni halisahau kwa sababu umejiajiri. Liweke kwenye lile daftari.

8. NA HIZI KOMPYUTA ZINAZOCHORA ZENYEWE?

Swali hili haliepukiki. Tangu mwaka 2022 programu za akili bandia zinazotoa picha ukiandika maneno tu zimesambaa dunia nzima, na kweli zimekula vibarua, hasa vile vidogo vya bango la haraka na picha ya tangazo. Sitawadanganya kwamba hazitagusa vitabu.

Ninachoona kwa Dada ni kwamba mhariri hakumpigia kwa sababu ya picha nzuri. Alimpigia kwa sababu anaweza kumwambia "huyu bibi asivae hivyo, huku kwetu mjane havai hivyo", naye akaelewa, akarekebisha, akajibu kwa jina lake kosa likitokea. Sasa hivi anajifunza pia kupanga kurasa, ili mtu akimpa hadithi amrudishie kitabu kizima kilicho tayari kwenda kiwandani. Anayeuza picha moja moja ndiye aliye hatarini zaidi.

9. MIEZI SITA YA MWISHO CHUONI

Ukiwa bado mwanafunzi una skana ya chuo, mwalimu wa kumuuliza na kitanda cha hosteli. Vitumie!

Mwezi wa kwanza na wa pili: maliza kitabu kizima cha mazoezi, siyo picha moja moja. Mwezi wa tatu: potifolio ya kazi kumi na mbili, faili moja la PDF lisilo zito. Mwezi wa nne: andika barua pepe kwa watu kumi, kila mmoja yake, ukitaja kitabu chao ulichokisoma. Dada alituma kumi na moja, wakajibu watatu. Mwezi wa tano: TIN, karatasi ya bei, mfano wa mkataba. Mwezi wa sita: nenda walipo watu. Nafasi Art Space pale Mikocheni ipo tangu 2008, ina studio na maonyesho. Kwenye mikutano ya vitabu pia nenda, hata ukikaa nyuma.

Na kama una ndoto za mbali, maonyesho ya vitabu vya watoto ya Bologna kule Italia yana maonyesho ya wachoraji tangu 1967, na mtu wa popote anaweza kutuma kazi. Soma masharti yao kwenye tovuti yao wenyewe, siyo ya kuambiwa.

Dada amekwisha kabidhi rasimu za penseli na awamu ya pili imeingia kwenye simu. Elfu hamsini ilikwenda kwa mdogo wake siku hiyo hiyo, ya fomu na vifaa. Ada yenyewe bado hatujajua itatoka wapi, na picha za rangi zimebaki tisa.

Mnaochora, tupeni na nyie uzoefu: mnalipwa vipi, mikataba mnapewa au ni maneno tu? Na kama kuna mhariri au mchapishaji anapita hapa, naye aseme upande wake. Uwanja ni wenu hapo chini, matusi hapana. Nawasilisha.